Nalipia Chale

Mwanangu wa mwisho ana miaka sita na haheshimu uso wa mtu. Jumapili moja nimejinyoosha mkekani baada ya wali, mama yake yuko kando anachambua choroko, yeye kanikalia kifuani. Nikahisi kidole kinabonyeza shavu. Nikafumbua jicho moja.

"Baba, usitikisike. Inakaa."

Alikuwa amechukua punje ya choroko kaiweka kwenye shimo moja la shavu langu la kushoto, na punje ilikaa kama iliyopimwa na fundi. Akaweka ya pili karibu na panja la kulia. Nayo ikakaa. Akamwita mama yake aje aone. Mama yake akaja, akaona, akarudi kwenye ungo wake bila neno, ila mabega yalikuwa yakimtikisika mpaka choroko zikamwagika.

Nina miaka 47. Nimeishi na mashimo haya miaka thelathini na ushee na nilidhani tumeshaelewana. Ni kazi ya chunusi. Ziliniota nikiwa kidato cha pili, zile kubwa za usaha zenye mizizi mpaka mfupani, na mimi kwa ujinga wa umri nikawa nazikamua kwa kucha mbele ya kioo cha bweni. Wenzangu walinipa tiba zote: dawa ya meno, ndimu, majivu, na mmoja alinishauri mkojo wa asubuhi. Sitasema kama nilijaribu. Zilipoondoka ziliacha mahandaki yao wazi.

Bwenini nikapewa jina: Somanga. Waliowahi kusafiri kwenda Kusini hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, kati ya Ndundu na Somanga, kwenye barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara, palikuwa na kipande cha kilomita 60 ambacho kikinyeshewa, basi linalala, abiria wanalala, na kuku wa abiria wanataga. Daraja la Mkapa likajengwa Rufiji, likafunguliwa 2003, kipande kile kikabaki tope. Miaka ikapita, hatimaye nacho kikawekwa lami. Nikabaki mimi. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyokata barabara pale Somanga, mtu niliyesoma naye, leo ana mvi na cheo, alinipigia simu saa tano usiku kunipa pole. "Nasikia umekatika," akasema, kisha akakata yeye.

Baada ya choroko zile nikaamua mashimo yazibwe. Nilianza na njia ya mkato: nikaenda Kariakoo. Kule nikauziwa kwa shilingi elfu kumi na tano kigurudumu chenye mpini, kimejaa sindano kama nungunungu aliyekanyagwa. Kiboksi kiliandikwa sindano 540, urefu milimita 1.5. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ngozi laini kama yai lililomenywa, maana yake hajawahi kukitumia. "Mzee, unasukuma tu," akaniambia, "kama unapaka rangi ukuta."

Nikajifungia bafuni. Mama watoto akagonga akitaka kujua mbuzi ile ndogo ya kukunia nazi ya nani na kwa nini iko bafuni. Nikasukuma shavu la kushoto mara tatu, machozi yakanitoka, nikaacha. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimepita juu ya chunusi moja iliyokuwa imeiva. Baada ya siku nne zilikuwa saba. Nilikuwa nimechukua usaha wa mmoja nikaugawa kwa wote, sawasawa, kama mgawo wa pembejeo. Kigurudumu kikaishia kwenye shimo la choo, na elfu kumi na tano yangu nayo ikaenda na maji.

Ndipo nikaenda kwa wenye taaluma. Kliniki yenyewe sitaitaja. Iko ghorofani, ina kiyoyozi na maji ya kunywa yaliyotiwa vipande vya tango, na ukishaona tango ndani ya maji ujue bili haitakuwa ya kawaida. Dada wa mapokezi alinipokea kwa tabasamu pana.

"Karibu baba. Umemsindikiza nani?"

Nikasema nimejisindikiza mwenyewe. Akina mama waliokuwa wamekaa wakainua macho kutoka kwenye simu zao kwa pamoja. Mwanamume mwingine alikuwa mmoja tu, kijana aliyekuja kwa ajili ya vipele vya ndevu. Tukatazamana, tukapeana ile salamu ya kichwa wanayopeana wanaume waliokutana kwenye foleni ya chumvi.

Daktari wa ngozi alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, amesomea Moshi, pale KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha tiba ya ngozi kwa wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Nilitaraji atanitazama usoni aseme pole. Badala yake alizima taa ya juu, akachukua tochi, akaimulika kutoka ubavuni. Sijawahi kudhalilishwa na tochi namna ile. Kila shimo likatoa kivuli chake. Akanipa kioo. Nilichokiona humo kilihitaji greda.

"Baba, mashimo yako si ya aina moja," akasema, akaanza kunifundisha jiografia ya uso wangu. Kuna mabonde, yale mapana yenye kingo za kuteremka taratibu, ambayo chini yake ngozi imevutwa na nyuzi za kovu. Kuna ya kisanduku, yenye kingo wima kama shimo lililochimbwa kwa sururu. Na kuna ya msumari: membamba, yamekwenda chini kabisa. Mabonde yanaitika vizuri kwa sindano. Ya kisanduku, kama si marefu sana, nayo yanasogea. Ya msumari ni mabishi.

"La panja?" nikauliza, maana nilikuwa na choroko kichwani.

"Hilo la msumari, baba."

Kisha akanihoji kama mtu wa uhamiaji. Je, nikikatika kovu huvimba likawa kubwa kuliko jeraha? Akanikagua kifua, mabega na nyuma ya masikio asije akadanganywa, maana mwenye ngozi ya makovu ya kuvimba akichomwa sindano anaweza kuondoka na tatizo kubwa kuliko alilokuja nalo. Je, natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Je, nina chunusi mbichi? Hapo nikamweleza habari ya Kariakoo. Alinisikiliza kwa upole, akanipa dawa ya kupaka, akanirudisha nyumbani mpaka zile saba zikauke. Ndiyo kusema kigurudumu cha elfu kumi na tano kilinigharimu pia majuma sita.

Niliporudi nikauliza kazi yenyewe inakwendaje. Kwenye karatasi ya bei iliandikwa maikronidilingi, neno ambalo mtu akishapakwa ganzi mdomoni hawezi tena kulimaliza. Daktari akaeleza: kalamu ya umeme yenye sindano fupi 12 inapanda na kushuka kwa kasi, inatoboa ngozi maelfu ya matundu madogo mno. Mwili unashituka, unadhani umevamiwa, unatuma mafundi wa kuziba majeraha, na mafundi hao wanakuja na kolajeni, zile nyuzi zinazoifanya ngozi ikaze na kujaa. Wakishafika wanajenga hata pale palipobonyea zamani.

"Kwa hiyo unaniumiza mahali pazima ili mwili ukija kutengeneza, upitie na pale pabovu?"

"Ndivyo, baba."

Mtaani kwetu fundi akija kuziba shimo la ukuta akaanza kwa kutoboa nyumba nzima, tunamfunga kamba tunaita mjumbe. Lakini nikakumbuka barabara. Mkandarasi naye, kabla ya kumwaga lami, hukwangua kwanza. Nikasema sawa.

Bei: laki mbili na nusu kwa awamu. Awamu ni tatu mpaka sita, kila moja ikipishana na nyingine wiki nne hadi sita. Laki mbili na nusu ni mifuko kama kumi na tano ya saruji, na saruji hiyo ingejaza mashimo yangu yote na ya ukoo mzima, ikabaki ya kusakafia banda la kuku.

Dada wa mapokezi akaongeza kwamba kwa laki na nusu zaidi ninaweza kupata "na damu". Nikadhani ni vitisho. Kumbe unatolewa damu yako mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yenye chembe sahani yajitenge, kisha unapakwa usoni wakati matundu yako wazi. Ndiyo hiyo Kim Kardashian alijipiga nayo picha mwaka 2013, uso umetapakaa damu kama mtu aliyenusurika ajali ya basi, na watu badala ya kumkimbizia huduma ya kwanza wakapanga foleni. Mimi hesabu yangu ilikuwa nyingine. Damu ni yangu. Nimeilia mchicha mwenyewe. Wanaichukua bure, wanaizungusha, wananiuzia. Hata dalali wa viwanja hajafika huko.

Nikakataa, na niliposoma zaidi nikafurahi kukataa: kuna wateja wa saluni moja isiyo na leseni kule New Mexico, Marekani, walioambukizwa virusi vya Ukimwi kwa huduma hiyo hiyo. Uchunguzi ulianza 2018, na taarifa ya CDC, kile kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ikatoka 2024. Tangu hapo nimekuwa mteja msumbufu. Kichwa cha sindano nataka kifunguliwe mbele yangu, kikiwa kwenye pakiti yake, na nataka nikione kikitupwa. Daktari hakukasirika. Alisema wote wangeuliza hivyo kazi yake ingekuwa nyepesi.

Sasa ganzi. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo.

Ganzi ni krimu nyeupe nzito. Wanakupaka uso mzima kama keki, kisha wanakufunika kwa nailoni ile ya kufunikia vyakula, wakitoboa pua na mdomo kwa hisani yao, halafu wanakuacha dakika arobaini na tano umeumuka kama donge la maandazi. Mwanzo hakuna kitu. Baadaye pua inaondoka. Unaigusa, unagusa pua ya mtu mwingine. Yanafuata mashavu. Kwa kuwa nilijilamba kujua ina ladha gani, mdomo nao ukaondoka, na ulimi ukawa umelala kinywani kama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Ndipo simu ikaita. Mama watoto. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimesema nakwenda kufuatilia kiwanja.

"Uko wapi?"

"Hhiko hwenye hiwanja."

Kimya.

"Wewe baba, saa nne asubuhi?"

"Hahana, hikiliza..."

"Umekunywa."

"Hijanywa! Nimehakwa ganzi!"

"Umepakwa na nani?"

Nikaona nikijibu swali hilo kwa ulimi ule ndoa itavunjika kwa sababu ya matamshi. Nikampa simu dada wa mapokezi aeleze. Kosa kubwa. Sauti ya dada wa mapokezi ni laini, imefunzwa kwa kazi hiyo. "Shikamoo mama," akasema, "baba yuko hapa kwetu, amelala, tunamfanyia huduma ya ngozi, akimaliza tutamrudisha." Sikusikia upande wa pili ulisema nini, ila dada alirudisha simu kwa ncha za vidole na kuanzia siku hiyo haniulizi tena namsindikiza nani.

Kazi yenyewe ilichukua nusu saa. Kalamu ile inalia kama mashine ya kinyozi. Mashavuni daktari aliiweka milimita moja na nusu na nilivumilia. Kipajini, ambako ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu, alipunguza urefu wa sindano, na bado kila ilipopita nilisikia ngoma ndani ya fuvu. Anakwenda wima, anarudi ulalo, anakata mshazari, mpaka vitone vidogo vya damu vijitokeze kama umande, ndipo anasema hapa basi, anahamia jirani. Nikiwa nimelala hivyo akanisimulia, nadhani ili nisikimbie, kwamba yote haya yana historia. Miaka ya tisini kule Montreal, Kanada, daktari mmoja wa upasuaji, Camirand, alikuwa akiyachora makovu ya wagonjwa kwa mashine ya tatuu, kwa rangi ya ngozi, ili yafichike. Rangi ikafifia, lakini kovu likabaki limelainika. Akaandika mwaka 1997 kwamba kumbe kinachotibu ni sindano, si rangi. Na daktari mwingine, Desmond Fernandes wa Cape Town, Afrika Kusini, ndiye aliyefanya mengi kuleta kile kigurudumu, babu wa lile balaa langu la Kariakoo.

Mashine ya tatuu bila wino. Niliweka hilo akilini. Lilikuwa linanikumbusha mtu.

Nilishuka ghorofani nikiwa na rangi ya zambarau iliyoiva na karatasi ya masharti. Nisiguse uso. Nisitumie sabuni kali. Nisipande bodaboda kwenye vumbi. Nisikae juani. Na, sharti la tano, nisitoe jasho kwa siku mbili.

Nalirudia kwa faida ya wasomaji wa Arusha na Njombe, huko kwenye baridi yenu. Nisitoe jasho. Siku mbili. Dar es Salaam. Mwezi wa pili.

Usiku wa kwanza nililala chini ya feni kama maiti aliyetayarishwa vizuri, chali, mikono ubavuni. Saa saba umeme ukakatika. Nilisikia kila tundu likifunguka na kuomba hewa. Mama watoto, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshasikia habari nzima, ameshacheka na ameshanisamehe, kwa mpangilio huo, akaamka akachukua kipepeo cha jiko akaanza kunipepea. Ni mapenzi, sikatai. Ila alikuwa akipepea kwa mkono ule ule na mwendo ule ule anaopepelea mishkaki, na mara mbili nilimsikia akijizuia kunigeuza.

Jua lilikuwa jaribu la pili. Ngozi nyeusi, daktari alisema, ikiudhiwa hujibu kwa doa. Ndiyo sababu alichagua sindano badala ya leza, maana leza inatumia joto na joto huiamsha rangi zaidi. Lakini hata sindano, ukizifuatisha na jua la saa saba, zinakuachia madoa. Kwa hiyo mwavuli, na mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, na kurudia mchana. Mafuta hayo kwa uso wa rangi yangu yanaacha utando wa majivu. Kule kule Moshi wanatengeneza ya aina hiyo, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kwao ni suala la uhai, kujikinga na saratani ya ngozi. Nilipokumbuka hilo nikaona aibu kulalamika. Kidogo.

Aibu ikaisha nilipofika kijiweni. Mwanamume mzima, mwavuli wa maua wa mkewe, hakuna wingu, uso wa kijivu juu na zambarau chini. Kahawa zikasimama hewani.

"Unatoka mashineni kusaga?"

"Shemeji kakupiga na nini?"

Mzee mmoja, ambaye huwa hasemi mpaka amalize kashata, akanitazama akasema kwa huzuni ya kweli: "Kijana, mkorogo ni wa kina dada."

Hapo niliudhika. Mkorogo ni zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, vinakwangua rangi ya mtu mpaka avuliwe ngozi kama kiazi. Mimi sitaki weupe. Nataka usawa wa ardhi. Nikawaeleza habari ya kolajeni, mabonde na msumari. Wakasikiliza vizuri sana. Mzee akameza kashata yake.

"Kwa hiyo unachanjwa chale."

"Si chale, mzee. Ni tiba."

"Unachanjwa na nani?"

"Daktari."

"Unalipa?"

Nikanyamaza. Wiki nzima kijiwe kikawa kinaniuliza kama mganga wangu anahitaji na kuku mweusi.

Awamu ya pili ikapita, na ya tatu. Faida? Nisiwe mnafiki, ipo. Haiji haraka, kolajeni ni kama mafundi wa serikali, wanaanza kwa kujenga la muda, la kudumu linakuja miezi baadaye, na daktari anasema hesabu kamili ni miezi mitatu hadi sita baada ya awamu ya mwisho. Lakini picha ya tochi ya mwanzo na ya sasa si uso mmoja. Mabonde ya shavu la kushoto yameinuka. Kinyozi wangu amesema wembe hautelezi tena ovyo. Ya kisanduku yamelegea kingo. Lile la msumari pale panjani halijasogea hata unywele. Daktari alipendekeza kulitia tindikali kwa ncha ya kijiti. Nikauliza tindikali ipi, ile ya betri? Akasema si ile. Nikasema nitafikiria. Nafikiria.

Mwezi uliopita Bibi akaja kutoka Newala kutolewa mtoto wa jicho. Bibi yangu ni Mmakonde wa enzi zake, ana nembo usoni: mistari ya pembepembe mashavuni na kipajini, iliyochanjwa akiwa binti na kusuguliwa mkaa mpaka ikabaki ya bluu iliyokolea. Utotoni nilikuwa naifuata kwa kidole mpaka nalala. Walipomfungua bandeji tulikuwa tumemzunguka wote. Akatazama dirisha. Akamtazama mama watoto, akatabasamu. Akanitazama mimi, kwa muda.

"Kumbe uso wako ni mbovu hivi," akasema.

Laki saba na nusu zilinikaba koo. Nikampa mkono wake ashike, nikamwambia ungeuona mwaka jana. Vidole vyake vikapita shavuni polepole, vikasimama. Awamu ya tatu ilikuwa na siku sita tu, ngozi ilikuwa bado inakwaruza.

"Nani kakuchanja?"

"Daktari, Bibi. Kwa sindano."

"Kwa nini?"

"Niwe na uso mzuri."

Akatikisa kichwa kukubali. Hiyo aliielewa kuliko kijiwe kizima. Ndiyo sababu hasa na yeye alilazwa chali akakatwa na wala hakutakiwa kulia. Akavuta uso wangu karibu na jicho lake jipya, akakagua kazi ya daktari kama fundi anayekagua tofali za fundi mwenzake.

"Na mkaa?"

"Hawakupaka mkaa, Bibi."

"Hawakupaka mkaa!" Akamgeukia mama watoto, apate shahidi. "Walichukua ngapi?"

Nikataja. Bibi alikaa kimya kirefu. Akasema mama yake yeye alitoa kuku mmoja, na nembo hii hapa, ina zaidi ya miaka sabini, haijatoka. Zangu, akasema, hata mwezi hazifiki zitakuwa zimefutika. Nikamwambia ndilo lengo, Bibi, zifutike. Akanitazama kwa macho yote mawili, la zamani na jipya, kisha akaomba chai.

Jioni ile mwanangu akaleta choroko mbili bila kuombwa. Nikalala mkekani, Bibi akavuta kigoda aone vizuri. Ya shavuni ikateleza, ikaviringika mpaka sikioni, ikaanguka. Tukarudia mara tatu, ikaanguka mara tatu. Ya panjani imekaa. Awamu ya nne ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na mama watoto amesema safari hii ananisindikiza.